Gauni Mbili na Doti ya Leso

Mpenzi msomaji, utakumbuka kwamba si siku nyingi zilizopita niliandika katika ukurasa huu juu ya sare za harusi, zile nguo za kitambaa kimoja ambazo jamaa zetu wa mjini hukopa ili wazishone, wazivae Jumamosi moja, kisha wazifungie sandukuni hadi panya wazirithi. Nilipata barua na jumbe nyingi. Wako walionisifu, na wako walioniuliza kama mimi mwenyewe sijawahi kuzivaa sare hizo. Swali hilo nitalirudia huko mbele, maana halikwepeki. Ujumbe mmoja ulitoka Garsen. Aliyeuandika alisema yeye ni mwalimu wa sekondari, kwamba ana gauni mbili tu za kuendea kazini, na kwamba nikitaka kuzungumza habari za nguo kwa dhati niende nikamwone. Basi. Hakuongeza neno.

Nikafunga safari. Nilipanda basi la alfajiri kutoka Mombasa, tukaipita Malindi, na jua lilipokuwa limepanda vizuri nikashuka Minjila, pale barabara ya kwenda Lamu inapoachana na ile ya kwenda Garsen na Hola. Nilikuwa na sanduku kubwa la magurudumu. Magurudumu yale yalitengenezwa kwa ajili ya sakafu za viwanja vya ndege, si kwa udongo wa Tana. Sikupiga hatua kumi, moja likang'oka. Kijana mmoja wa bodaboda akalitazama sanduku, akanitazama mimi, akauliza kwa adabu kabisa, "Dada, wahamia?"

Nilikuwa nimekuja kwa siku mbili.

Mwalimu mwenyewe ni mama wa makamo, mzaliwa wa Vihiga, aliyeletwa na kazi katika kaunti hii ya Tana River zaidi ya miaka 15 iliyopita akakaa. Aliniomba nisimtaje jina, nami namtii. Nyumba yake ni vyumba viwili. Kuna kitanda na chandarua, meza, viti vitatu, rafu ya vitabu na pipa la maji. Ukutani kuna misumari miwili. Kwenye msumari mmoja limetundikwa gauni la buluu. Lile la kahawia alikuwa amelivaa, na juu yake amejitanda leso ya rangi ya chungwa inayowaka kama moto wa jikoni. Leso hiyo ilinishangaza kidogo, lakini sikuuliza. Nilidhani nimekuja kuona kijivu.

Nasema kijivu kwa sababu mwalimu huyu ni wa dhehebu la Marafiki, wale ambao Waingereza huwaita Quakers. Wasomaji wangu wa Vihiga na Kakamega hawahitaji kuelezwa. Wamarekani watatu, Chilson, Hole na Hotchkiss, walifungua misheni ya Kaimosi mwaka 1902, na leo hakuna nchi duniani yenye Marafiki wengi kuliko Kenya yetu. Huku Tana hadithi ilikuwa nyingine. Wamethodisti walijenga Golbanti miaka ya 1880, na Wajerumani wa misheni ya Neukirchen wakaanza Ngao mwaka 1887. Ndiyo maana mwalimu husali peke yake Jumapili nyingi, ameketi kimya kwenye kiti kimoja kati ya vile vitatu. Siku nyingine huenda kusali na majirani zake Wamethodisti.

Marafiki walianza Uingereza kati ya miaka ya 1640 na 1650, na jambo moja waliloshika tangu mwanzo ni usahili: kuondoa katika maisha kila kitu cha ziada ambacho kazi yake ni kumpandisha mtu juu ya mwenziwe. Walikataa kuwavulia kofia mahakimu na mabwana, wakafungwa jela kwa hilo. Kiingereza cha enzi hizo kilikuwa na neno la kumwita mtu mdogo na neno jingine la kumwita mkubwa, wao wakamwita kila mtu kwa lile la mdogo, hata jaji. (Mimi na shikamoo yangu, sidhani tungeelewana nao siku ya kwanza.) Wauzaji wao madukani walitaja bei moja tu, bila ya mivutano, na ikasemwa kwamba hata mtoto mdogo akitumwa kwao hapunjwi. Na katika mavazi walitupa utepe, vifungo visivyofunga kitu, na manyoya ya kofiani.

"Lakini usifikiri mambo haya yalikuwa ya nguo tu," mwalimu akaniambia huku akimimina chai. Yeye hufundisha historia, na ukimpa nafasi atakufundisha wewe pia. Akanisimulia habari za John Woolman, fundi cherehani na mwenye duka huko New Jersey, Marekani, aliyezaliwa mwaka 1720. Biashara ya Woolman ilipostawi mno, aliipunguza kwa hiari yake akabaki na ushonaji, kwa kuwa aliona inamlemea moyo. Baadaye akaacha kuvaa nguo zilizotiwa rangi. Watu wa kijiji chake walipomwona na kofia nyeupe isiyotiwa rangi wengine walimdhania mtu wa mitindo! Sababu yake ilikuwa ya fundi hasa: rangi huficha uchafu, na yeye alitaka uchafu uonekane ili uoshwe. Isitoshe, aliiona rangi kuwa gharama bure. Alikuwa mpinzani mkubwa wa utumwa, na kila kitu alichokitumia alikiuliza kimetoka kwenye jasho la nani. Alipokwenda Uingereza mwaka 1772 alikataa chumba kizuri cha meli, akalala chini pamoja na mabaharia. Alipofika akatembea kwa miguu badala ya kupanda magari ya farasi, kwa sababu farasi na vijana waliowaendesha waliteswa kwa haraka ya abiria. Alifia York mwaka huohuo kwa ndui.

Nilimuuliza mwalimu, je, yeye naye huuliza shati limeshonwa na nani? Akacheka. "Nguo zangu ni mitumba ya Garsen. Nikianza kuuliza nitatembea uchi. Mimi huuliza swali moja tu: nikiinunua, ni nani nitakayeshindwa kumwangalia usoni mwisho wa mwezi?"

Swali hilo liliniingia, nitakueleza kwa nini.

Jioni tulitembea hadi ukingo wa mto. Tana ni mto mrefu kuliko yote nchini, na hapa karibu na delta huonekana mpole, wa rangi ya chai ya maziwa. Lakini Novemba 2023 ulifurika, na tena Aprili na Mei 2024. Barabara zikakatika, mashamba na nyumba zikazama. Katika mji wa mto, msomaji, usahili si mada ya mahubiri. Maji yenyewe ndiyo hupima mali yako: unaweza kubeba nini kwa safari moja? Mwalimu alitia gauni moja, vyeti na Biblia katika mfuko mmoja, akajitupia begani, na mikono yake yote miwili ikabaki huru. Akaitumia kumsaidia jirani yake, bibi mmoja wa Kipokomo, kubeba cherehani. Waliibeba kwa zamu wakivuka maji ya magoti hadi mahali pa juu.

Nilitaka kuandika hapo kwamba hiyo ndiyo faida ya kuishi na vichache. Mwalimu akanizuia. Alisema katika kambi ya waliohamishwa na maji alikaa na watu waliokuwa na vichache kuliko yeye, na havikuwafaa kitu, viliondoka vyote. "Mimi nilikuwa na mshahara ulionisubiri. Usiniandike pamoja na wao." Nguo za msaada zilipofika zilikuwa na makoti mazito ya baridi, na joto la Garsen unalijua au umelisikia. Wanawake waliomba leso. Leso ni nguo, ni shuka, ni mbeleko ya mtoto, ni pazia la kuogea, ni sanda ukikosa bahati.

Neno hilo la kutomwandika pamoja na wengine lilinifungulia mlango wa usahili mwingine, ule wa ulimi. Marafiki hawali yamini mahakamani, kwa kuwa aapaye leo kusema kweli amekiri kuwa jana hakulazimika kuisema. Mwalimu huwapa wanafunzi wake mifano miwili, na mmoja ni wa nyumbani hapa. Mto huuhuu, kaskazini ya Garsen, ndiko iliko Hola. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 wa kambi ya Hola waliuawa kwa kipigo cha askari, na taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ikasema wamekufa baada ya kunywa maji. Taarifa hiyo ilivaa suti na tai. Mfano wa pili ni wa miaka mitatu kabla ya hapo. Mwaka 1956 mwanamke mmoja wa Marafiki, Mwingereza aitwaye Eileen Fletcher, aliyekuwa ameajiriwa na serikali hiyohiyo kufanya kazi katika kambi na magereza ya wakati wa hali ya hatari, alirudi kwao akachapisha aliyoyaona, pamoja na habari za wasichana wadogo waliofungwa Kamiti. Alishambuliwa sana. Aliyasema kwa maneno ya kawaida yasiyo na pambo, na hiyo ndiyo iliyowaudhi wakubwa.

Basi nikauliza sasa lile lililokuwa likinikera tangu mchana. Ikiwa mambo ndiyo hayo, hiyo leso ya chungwa je?

Mwalimu aliishika ncha yake akaitazama kama mtu anayeitazama barua ya zamani. Kwanza alinipa jibu la kitabu. Mwaka 1700, akasema, Margaret Fell, mjane wa George Fox mwanzilishi wa Marafiki, akiwa bibi kizee wa miaka zaidi ya 80, aliwaandikia Marafiki wenzake kuwakaripia. Walikuwa wameanza kulazimishana nguo ya aina moja na rangi moja. Aliona ni upuuzi: Mungu mwenyewe ameivika dunia majani mabichi na maua ya kila rangi, nani amewaambia kwamba utakatifu ni sare? Hawakumsikia. Kijivu kikashinda, kikatawala vizazi vingi, hadi Marafiki wa Uingereza walipolegeza kanuni hiyo mwaka 1860. Na angalia mambo yanavyozunguka: hata leo, magharibi ya Kenya, akina mama wa Marafiki wana sare ya chama chao, na mwalimu hukiri kwamba yake anaipenda, iko Vihiga imekunjwa.

Kisha akanipa jibu la pili, na hili ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud wa Unguja alitoa amri ya kuuondoa utumwa katika sheria za Unguja na Pemba. Mwaka uleule Marafiki wa Uingereza wakaja Pemba, wakiongozwa na Theodore Burtt. Walipata shamba mahali paitwapo Banani, wakawaajiri kwa ujira watu waliokuwa watumwa. Watu wale walikuwa wakijulikana kwa mavazi. Mtumwa alivaa kaniki au merikani, kitambaa rahisi kisicho na nakshi. Mwanamume hakutarajiwa kuvaa kofia mbele ya bwana wake, wala viatu. Walipopata uhuru wao, na ujira kidogo mkononi, walikimbilia nini? Rangi. Wanawake walinunua kanga za maua, wakatafuta buibui la kujifunikia kama mabibi waliokuwa wakiwatumikia. Wanaume wakavaa kanzu na kofia za kushonwa kwa sindano.

Hebu watazame watu hao wawili wamesimama chini ya mkarafuu mmoja. Yule Rafiki ameacha nakshi kwa ibada, kwa kuwa kwao nakshi ilikuwa alama ya majivuno ya matajiri. Yule mwanamke wa Pemba ameitafuta nakshi kwa udi na uvumba, kwa kuwa ndiyo ushahidi kwamba hana bwana. Ukimwambia avae nguo isiyo na pambo kwa ajili ya unyenyekevu, umemwambia nini? Umemrudishia kaniki yake.

Hata huku Tana habari hizo si za mbali. Witu, mwendo mfupi kutoka Garsen kwa gari, ilikuwa ngome ya Sultani Ahmed, aliyeitwa Simba, na ilipokea watoro waliokimbia mashamba ya pwani. Katika pwani ya Kenya sheria ya utumwa haikufutwa hadi mwaka 1907. Wajukuu na vitukuu wa watu hao wapo, wanapanda mabasi haya tunayopanda.

"Historia hii niliifundisha miaka na miaka," mwalimu akasema. "Sikujua inanihusu hadi binti yangu aliponiambia."

Binti huyo alisoma chuo Mombasa. Alikulia katika nyumba hii ya misumari miwili, akienda shule na viatu vilivyoshonwa mara tatu. Hakulala njaa na karo haikuchelewa hata muhula mmoja, lakini mapambo hayakuwapo, na akiuliza aliambiwa, "Sisi ni Marafiki." Chuoni alijikuta chumba kimoja na wasichana wenye viatu vya kila rangi. Akaanza kukopa kwa simu. Mkopo wa kwanza ulikuwa wa viatu, wa pili ulilipa wa kwanza, na wanafunzi wanaonisoma wanajua wimbo huo unavyoendelea. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri, na wakamalizia kwa neno ambalo mhariri wangu hatalipitisha kwenye gazeti la familia. Alipofika siku ya mahafali alikuwa na deni la Sh14,000 kwa wakopeshaji wanne. Alimpigia mama yake wiki moja kabla, akamwomba, kwa sauti ya chini, asije na gauni la buluu. Ndilo alilolivaa siku ya kumsajili, na picha ya siku ile wenzake walikuwa wameiona.

Mwalimu alikwenda na la kahawia.

Baada ya sherehe deni likajulikana, kwa maana wakopeshaji walianza kumpigia mama. Alikuwa tayari na hotuba. Binti akamkata kauli kwa maneno machache: "Mama, wewe ulichagua. Mimi nilichaguliwa."

"Nilikuwa na jibu la Biblia, na jibu la Woolman, na jibu la mama aliyekasirika," mwalimu aliniambia. "Nilimeza yote matatu. Niliwaona wale wanawake wa Pemba."

Alilipa deni kwa miezi mitatu kutoka katika pesa za mabati ya nyumba ya Vihiga, nyumba ambayo hadi leo haijaezekwa upande mmoja. Kisha binti alipokuja Garsen mwezi wa Desemba, akampa noti kadhaa akamwambia aende akanunue nguo anayoitaka, bila ya masharti. Mwenzangu, hebu jiulize kama wewe ungeweza. Mimi nina mpwa wa kidato cha tatu, na hata rangi ya soksi zake nimeiingilia.

Msichana alirudi na gauni la kijani la mitumba lenye vimulimuli kifuani, na doti moja ya leso ya rangi ya chungwa, zawadi ya mama. Ndiyo hiyo. Mwalimu anasema gauni lile ni baya sana, na kwamba hajamwambia.

Taabu ya leso ni maandishi yake. Binti aliitazama rangi, hakusoma. Kumbe maneno yake ni ya kijembe, ya kumkoma jirani mwenye wivu, tena makali. Garsen si mahali pa kupita na maneno hivihivi. Katika duka la leso hukutana Mpokomo, Mworma, Mgiriama na Mbajuni, na wote wanajua kusoma. Mji huu unakumbuka mwaka 2012, watu zaidi ya 50 walipouawa Riketa tarehe 22 Agosti, na vijiji vingine vikafuata hadi Desemba; mwalimu anasema siku zile hata namna ya kujifunga kitambaa kichwani ilitosha kumtambulisha mtu kwa adui yake. Basi siku ya kwanza aliyoitoka nayo, jirani yake mwenye cherehani alimwita pembeni akamuuliza, "Mwalimu, nani amekukosea?" Wakacheka hadi wakaketi chini. Tangu hapo huifunga kwa namna ambayo maandishi yanakunjika kwa ndani. Lakini huivaa, kila siku ya Mungu.

Binti sasa amepata kazi ya mkataba Malindi. Deni jipya hana, kwa kadiri mama anavyojua. Kukaa naye kimya siku ya Jumapili bado hataki.

Asubuhi ya kuondoka nilikuwa nikilifunga sanduku langu kwa kamba ya katani, kwa sababu zipu nayo ilikuwa imefuata njia ya gurudumu, simu yangu ilipolia. Ulikuwa ujumbe wa kamati ya harusi ya binamu yangu. Naam, msomaji uliyeniuliza, nilishona. Niliagiza wiki mbili baada ya kuwaandikia ninyi makala yale ya kupinga sare. Ujumbe ulisema fundi amekwisha kata kitambaa, na kwamba limebaki deni langu la Sh4,500 kabla ya Ijumaa.

Nilimsomea mwalimu ujumbe wote. Nilitazamia Woolman, au angalau lile swali lake la mwisho wa mwezi.

"Rangi gani?" akauliza.

Nikamwambia ni zambarau iliyokoza. Akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni, kama fundi.

"Itakukaa," akasema, akaninyanyulia upande mmoja wa sanduku.